Mtu wa Kushikilia Kisiwa

Kisiwa kilianza kunuka kabla hakijaonekana. Meli ilikuwa bado inakata maji matupu, pasipo mti wala moshi upeoni, pale wanaume wa Kaupo waliojilaza sitahani walipoinuka mmoja mmoja wameshika pua. Kekipi, mtu asiyeweza kuacha jambo lipite bila kulitia mzaha, aliwatazama wote kwa zamu kama hakimu anayetafuta mwenye kosa. Macho yake yakatua kwa Nahinu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akamwambia asione haya, safari ndefu humfanya hivyo hata chifu.

Nahinu alicheka na wenzake, ila macho yake yalibaki baharini. Hakuwahi kutoka Maui, kisiwa chao huko Hawaii. Kwao Kaupo, upande mkavu wa mlima, mtu akisimama popote hupata pa kupumzisha macho: ukuta wa mawe wa shamba la viazi, paa la nyasi la jirani, mlima wenyewe. Hapa jicho lilikwenda mpaka likachoka, halikuangukia kitu. Kaka yake Pihana akaja kusimama kando yake, mikono juu ya ukingo, na baada ya muda akamwonyesha mstari mweupe, mwembamba, chini kabisa ya mbingu, na juu yake wingu jeusi lililokuwa likijikunja na kujikunjua.

"Lile wingu?" Nahinu aliuliza.

"Si wingu. Ndege."

"Na chini yake mbona hakuna kitu?"

"Kuna mavi, mdogo wangu," Pihana alisema. "Ndiyo tuliyoyafuata."

Walikuwa wameyafuata kwa sababu mvua ilikataa kunyesha Kaupo misimu miwili, viazi vikawa vidogo kama vidole, na wakala wa kampuni moja ya Wamarekani alikuwa amekuja na meli kutafuta vijana wenye migongo. Mama yao, Kawehena, aliwasindikiza hadi ufukweni. Hakulia. Alishika mkono wa kila mmoja, akaiunganisha, akasema maneno ambayo Nahinu angeyarudia kichwani kuliko sala yoyote aliyofunzwa na wamisionari: "Mmoja wenu akibaki huko, mwenzake amrudishe. Sitaki mwanangu alale kwa watu."

Alimaanisha mifupa. Watu wa Kaupo walikuwa wamebatizwa, walikwenda kanisani wakiwa na viatu mkononi ili visichakae, lakini juu ya mifupa hawakumsikiliza mchungaji. Nyama ya mtu huondoka. Yeye mwenyewe hukaa mifupani. Ndiyo maana mifupa husafishwa, hufungwa kwa kapa, ile nguo ya gome, kisha hufichwa na ndugu mmoja tu, naye hamwambii mtu yeyote hadi siku ya kumrithisha mwingine siri hiyo. Mifupa ikiangukia mikononi mwa mgeni inaweza kuchongwa ndoana za kuvulia samaki, na tusi hilo likawaandama watoto na wajukuu.

Kisiwa walikiita Mokumanu, yaani kisiwa cha ndege, maana hakikuwa na sifa nyingine. Msimamizi wao, Bwana Sprague, alikuwa na jina jingine la kisiwa hicho katika ramani zake, jina la nahodha fulani, lakini hakuna aliyeweza kulitamka kabla ya chai. Palipoinuka kidogo, kimo cha nyumba tu, Wamarekani walikuwa wamerundika mawe ya matumbawe kufikia kifua cha mtu, na ndani ya rundo wakaweka chupa yenye karatasi ya madai yao, na juu yake mlingoti wa bendera. Amri ya kwanza ya Sprague, kabla hata ya kuwaonyesha mahali pa kulala, ilikuwa kwamba jiwe la rundo lile lisiguswe. Mengine yote ya kisiwa wangeyachimba.

Kekipi, aliyekuwa amewahi kusafiri na wavua nyangumi na kujua Kiingereza cha jikoni, aliwafafanulia usiku ule wakiwa wanakula biskuti ngumu. Huko kwao, alisema, Wamarekani wamelima tumbaku na pamba mpaka udongo umechoka kama ng'ombe mzee. Sasa wanautafutia dawa, na dawa ni mavi ya ndege. Basi watu wazima wenye ndevu wakakaa bungeni mwao wakapitisha sheria: raia wao yeyote akikuta kisiwa chenye mavi, kisichokaliwa na mtu, akikaa juu yake kwa amani, kisiwa kinaweza kuwa cha Marekani.

"Na ndege?" mmoja aliuliza.

"Ndege hawakuulizwa," Kekipi alisema. "Kwani wewe umeulizwa?"

Watu wakacheka, hata Pihana ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka. Miaka mingi baadaye bendera ile ile ilifika Honolulu, ikafika Guam na Manila na Tutuila, kwa manowari na mizinga na hotuba, na watu waliandika vitabu vizito kueleza sababu: sukari, makaa ya meli, biashara ya Uchina, fahari. Huko Kaupo wazee waliposikia mjadala huo walipenda kusema kwamba wao wanajua ilianza na nini, kisha wakashika pua.

Kazi ilikuwa ya sururu na sepetu. Mavi ya miaka isiyohesabika yalikuwa yamegandamana kuwa udongo wa kahawia, na vumbi lake liliingia machoni, likaingia katika chakula na ndotoni. Walichimba, wakajaza magunia, wakasukuma matoroli juu ya mbao hadi ufukweni. Hapo ndipo kazi ya Pihana ilipoanza. Meli haikuweza kusogea, maana mwamba ulizunguka kisiwa kama meno, na magunia yalipelekwa kwa mashua kupitia pengo jembamba ambamo mawimbi yalivunjika mchana kutwa. Pihana alishika kasia la usukani. Alijua kusubiri. Alisimama nyuma ya mashua akiangalia bahari kuu juu ya vichwa vya wenzake, na alipotamka neno, wote walivuta.

Asubuhi moja Sprague alikuwa na haraka, kwa kuwa meli nyingine ilikuwa imeonekana na ya kwanza haijajaa. Aliamuru mashua ipakiwe kuliko kawaida. Pihana alisema imezidi. Sprague alisema haijazidi. Mashua ilikwenda, ikapanda wimbi la kwanza, ikashindwa kupanda la pili, ikalala ubavu juu ya mwamba, na Pihana alikuwa kati ya mashua na mwamba.

Walimzika siku hiyo hiyo, kwa sababu ya joto. Kisiwa kizima kilikuwa matumbawe magumu yasiyopasuka isipokuwa pale penye mavi, basi wakamlaza humo, mahali ambapo uchimbaji ulikuwa bado haujafika. Nahinu alishika sepetu mwenyewe. Hakufikiri zaidi ya hapo. Alijiambia kwamba nyama itakwenda, na mkataba ukiisha atamtoa na kwenda naye nyumbani, kama mama alivyotaka. Lilikuwa kosa ambalo mtu wa Kaupo peke yake angeweza kulifanya: mtu wa kwao huzika pale ardhi inapokubali, bila kujiuliza ardhi yenyewe inauzwa wapi.

Alikuja kulitambua kosa hilo wakati mbao za matoroli zilipohamishwa. Kila juma ukingo wa machimbo ulisogea. Nahinu aliuangalia kama mtu anayeangalia maji ya mafuriko yakipanda ngazi za nyumba yake. Mwishowe alivua kofia akaenda kwa Sprague, akaomba kipande kidogo tu, cha urefu wa mtu, kiachwe. Kekipi alikwenda naye kutafsiri.

Sprague hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alikuwa amechoka, midomo imepasuka kwa jua, na alijibu kama anayeeleza jambo la kawaida. Pale ndipo palikuwa na mavi bora ya kisiwa kizima. Meli ilikuwa inasubiri. Akatafuta la kumfariji, akasema kwamba kaka yake angalau atafaa kitu, atakuwa sehemu ya mavuno mazuri huko Virginia.

"Amesemaje?" Nahinu alimwuliza Kekipi.

"Amesema hapana."

"Amesema maneno mengi."

"Hapana yao ni ndefu," Kekipi alisema, akamshika bega wakaondoka. Ila Nahinu alikuwa ameshajifunza maneno ya kutosha, na neno Virginia lilikuwa limechapwa juu ya magunia.

Jumapili iliyofuata, wakati wa mchana ambapo jua husimama juu ya kichwa na kila mtu mwenye akili hulala, Sprague alikuwa kibandani mwake na kitabu usoni, na vijana walikuwa chini ya tanga. Nahinu alikwenda kaburini peke yake na sepetu. Mavi makavu yalikuwa yamefanya kazi yao. Kaka yake alikuwa amebaki mifupa, safi, myepesi kuliko alivyotegemea. Aliiosha katika dimbwi la bahari. Kisha akasimama nayo mikononi akitazama kisiwa chote, mwanzo hadi mwisho, maana kilionekana chote, akitafuta pa kuificha. Kila mahali palikuwa pa kuchimbwa. Mahali pamoja tu palibaki, pale ambapo mwenye kisiwa mwenyewe alikuwa amekataza jiwe lisiguswe.

Alitoa mawe ya upande wa mashariki, akamweka kaka yake ndani, karibu na chupa, akayarudisha jinsi yalivyokuwa. Aliporudi, Kekipi alikuwa amefumbua jicho moja. Alitazama mikono ya Nahinu iliyolowa, akatazama magoti yake meupe kwa vumbi la matumbawe. Akasema kwamba vijana wa siku hizi wanaoga sana, akageukia upande wa pili. Hakuuliza lolote, wala Nahinu hakumwambia.

Kisha vita vilizuka huko Marekani, wao kwa wao, na waliokuwa wakinunua mavi wakaanza kununua baruti. Meli zikapungua. Siku moja ikaja moja kuwachukua wote, na Sprague akawakusanya chini ya bendera. Alisema kampuni inaondoka kwa muda tu. Lakini kisiwa kikiachwa kitupu, mwingine anaweza kutua na kusema amekikuta hakina mtu. Waingereza walikuwa wakizungukazunguka. Ilitakiwa abaki mmoja wa kukishikilia. Angeachiwa mapipa ya maji, mchele, nyama ya chumvi, na bendera ya kupandisha kila ionekanapo meli. Wangerudi kabla ya mapipa kuisha.

Hakuna aliyeinua macho. Hata Kekipi hakuwa na mzaha. Nahinu alilitazama rundo la mawe. Watu walikuwa wamesimama mbele yake, mabaharia walikuwa wamelikalia, Sprague alikuwa ameliegemea kwa kiwiko. Hapakuwa na namna ya kumtoa kaka yake bila kuonwa, na mabaharia hawakubali mifupa chomboni. Wangeitupa baharini kabla nanga haijang'olewa. Akasema atabaki yeye.

"Umerogwa?" Kekipi alimwuliza pembeni. "Mama yako nimwambie nini?"

"Mwambie tupo wawili."

Kekipi akavua kofia yake ya majani, ile aliyokuwa akiiringia, akamvika, akaenda zake majini bila kugeuka. Sprague alimwapisha Nahinu juu ya Biblia kwamba atakishikilia kisiwa, akampa mkono, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

Mwanzoni haikuwa mbaya. Alikuwa na kazi ya kupanga mapipa, kuziba kibanda, kutafuta mayai. Kila jioni alikwenda kuketi upande wa mashariki wa rundo na kumweleza kaka yake mambo ya siku: samaki aliyemponyoka, ndege aliyeingia ndani ya sufuria. Kwao si ajabu mtu kusema na wafu wake. Alikusudia kumwacha humo hadi meli itakapoonekana, kwa kuwa mawe yalimkinga na mvua na panya.

Mapipa yalipungua, mvua ikayajaza nusu, yakapungua tena, na hakuna aliyerudi. Kelele za ndege, ambazo mwanzo zilimnyima usingizi, sasa aliacha kuzisikia. Akabaki katika ukimya wa ajabu katikati ya makelele. Akagundua kwamba amekuwa akisema kwa midomo bila sauti. Alipojilazimisha kutoa sauti, ilitoka ya mtu mwingine, nyembamba, na ikamtisha. Akaanza kupika wali wa watu wawili, kisha kuukasirikia ule uliobaki. Alimgombeza Pihana kwa kutokula. Siku nyingine alimgombeza kwa kupanda mashua ile hali akijua imezidi, akalia, akamwomba msamaha, akanyamaza naye kwa siku nzima kama ndugu walionuniana nyumbani.

Lililomtafuna zaidi lilikuwa hili. Yeye peke yake ndiye aliyejua mahali. Akifa yeye, Pihana hatakuwa amefichwa tena, atakuwa amepotea, kwa sababu kilichofichwa lazima kuwe na mtu anayekijua. Na yeye mwenyewe atabaki juu ya ardhi, ndege wamsimamie, mpaka aje mtu na sepetu.

Meli ya kwanza iliyokuja ilikuwa ya Wamarekani, wavua nyangumi waliotaka mayai. Nahinu alipandisha bendera akakimbilia majini hadi kifuani. Alikuwa na nia ya kumwomba nahodha ampe nafasi ya kwenda popote penye Wahawai, na akikubaliwa angerudi kufunga matandiko yake, na ndani ya matandiko kuwe na kaka yake. Nahodha alikuwa mzee mwenye huruma. Alimpa molasi, tumbaku, na shati zuri jeupe la Jumapili. Lakini aliposikia ombi alitikisa kichwa.

"Nikikuchukua wewe, kijana, nimeipotezea nchi yangu kisiwa," alisema. "Nitawaeleza nini?"

"Waeleze nimechoka."

"Hilo halimo katika sheria," nahodha alisema, na ilionekana kweli anasikitika. Aliahidi kuikumbusha kampuni.

Nahinu aliwatazama wakienda na mayai yao. Hadi siku ile alikuwa akijihesabu kuwa mlinzi. Sasa aliona kwamba mlinzi ni mtu, na mtu huweza kubadilishwa zamu. Yeye alikuwa kama mlingoti. Alirudi kwenye rundo, akaketi, na hakuwa na la kumweleza Pihana.

Meli ya pili ilikuja bendera ya Nahinu ikiwa imebaki nyuzi. Alipandisha nyuzi hizo kwa sababu alikuwa ameapa. Mashua iliyoshuka ilileta Waingereza, mabaharia wachache na nahodha wao, mtu mfupi mwekundu aliyeitwa Penhale, na pamoja nao mtu mmoja mwenyeji wa visiwa vya bahari ile, mweusi kwa jua, mabega mapana, aliyetua wa kwanza na kumtazama Nahinu kama anayetazama ndugu aliyekonda. Alimwamkia kwa lugha ya kwao, kisiwa cha Manihiki, na Nahinu alielewa. Herufi zilikuwa zimekaa mahali pengine, lakini lilikuwa neno lile lile la kwao. Alishika kichwa cha mtu yule, wakagusanisha pua kama inavyopasa, na hakutaka kuachia.

Jina lake lilikuwa Tamuera, na ndiye aliyekuwa mkalimani. Penhale aliuliza swali moja tu. Kama kisiwa hiki kinashikiliwa na Wamarekani, yeye hana ugomvi nao, atang'oa nanga na kwenda zake. Kama hakishikiliwi, kampuni yake ya Sydney inakichukua, anaacha mtu wake, na yeye anaendelea Honolulu kutafuta vibarua.

Nahinu alisikia neno Honolulu, bandari ya visiwa vya kwao, akafumba macho.

"Wewe ni nani hapa?" Tamuera alimtafsiria. "Fikiri kabla ya kujibu, ndugu yangu. Huyu ni mwoga wa kesi."

Nahinu alifikiri juu ya mkono aliopewa na Sprague na Biblia aliyoishika. Alifikiri juu ya mapipa. "Mwambie hiki ni kisiwa cha ndege," alisema. "Mimi ni mtu wa Kaupo. Walioniweka wameniacha."

Penhale aliridhika. Akaonyesha kwa kidole rundo la mawe, akawaambia mabaharia walibomoe, watoe chupa ya Wamarekani, wajenge jipya. Walikuwa wameshafika nusu ya njia pale Nahinu alipowapita mbio akasimama mbele ya rundo ametandaza mikono. Hakuwa amepanga. Mabaharia walisimama, wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Penhale alipanda taratibu, uso umebadilika. Alisema anaona sasa: huyu anawalindia Wamarekani rundo lao, tena kwa mwili wake. Hiyo ndiyo kushikilia kwenyewe. Hakuna mahakama ambayo ingesema vingine. Akageuka kuangalia mashua.

Hapo Nahinu aliona mitego yote miwili kwa pamoja. Akiendelea kusimama pale, meli inaondoka. Akisogea, mabaharia wanafukua, na kaka yake anamwagika mbele ya miguu yao. Alimtazama Tamuera. Hakuweza kumwambia, maana si jambo la kuambiwa mtu. Alimtazama tu, kisha akatazama mawe ya mashariki, kisha akamtazama tena.

Tamuera alikuwa mtu wa kisiwani. Alikuwa na wafu wake.

Alimgeukia Penhale, akavua kofia, akaongea Kiingereza kwa sauti ya mtu anayeonea haya ushenzi wa wenzake. Alisema huyu hawalindii Wamarekani lolote, ni mila tu. Hawa Wahawai, mkono uliopanga mawe ndio lazima uyapangue. Akiyapangua mwingine, kisiwa kinapata mkosi, samaki wanakuwa na sumu, mashua zinapinduka. Upuuzi mtupu, Bwana Nahodha. Lakini vibarua mnaokwenda kuwatafuta Honolulu ni ndugu zake hawa hawa, na wakisikia kwamba rundo lilibomolewa vibaya hatakuja hata mmoja. Mwacheni alibomoe mwenyewe. Ninyi si mna chakula mashuani?

Penhale alikuna shingo. Alisema apewe mpaka maji yapwe, wakashuka kula.

"Samaki wanakuwa na sumu?" Nahinu alinong'ona.

"Nilikuwa naongeza chumvi," Tamuera alisema. Akateremka hatua chache, akaketi akiwa amempa mgongo, akaelekea ufukweni, akavuta kofia hadi kwenye nyusi. "Mimi huwa nasikia vibaya upande wa nyuma," alisema. "Na macho yangu hayapo huko kabisa. Ila fanya upesi."

Nahinu aliondoa mawe. Pihana alikuwa pale, hajaguswa, mweupe zaidi kuliko zamani. Hapakuwa na kapa. Kitambaa kilichokuwa karibu ni zile nyuzi za bendera juu ya kichwa chake, na zilikuwa bado ngumu vya kutosha kufunga kitu, lakini hazikuwa za kwao. Alivua lile shati jeupe, la pekee alilokuwa nalo, akamfunga kaka yake ndani yake, mikono ya shati ikawa fundo. Furushi lilikuwa dogo kama mtoto anayebebwa kanisani. Juu yake akaviringisha mkeka wake wa kulalia. Kisha akayatawanya mawe yaliyobaki kwa mateke, moja baada ya jingine, yakabingirika kila upande na ndege wakaruka, na chupa ya Wamarekani akaiacha ilipoangukia.

"Tayari," alisema.

Tamuera alisimama, akamtazama kifua kitupu, akautazama mkeka uliovimba katikati. "Wewe ni mtu wa kulala sana," alisema. "Mkeka mnene namna hii."

Nahinu alitaka kumshukuru, lakini alikuwa amesahau namna watu wanavyofanya hivyo. Ndipo alipouliza jambo ambalo angepaswa kuuliza mwanzo: mtu wa Penhale atakayebaki ni yupi. Tamuera alijigusa kifuani. Alikuwa na mke Manihiki na binti mchanga. Wamemwambia ni kwa muda mfupi, mpaka meli irudi na vibarua kutoka Honolulu.

"Wanarudi kweli hawa?" aliuliza, kwa wepesi, kama anayeuliza habari za hali ya hewa. "Wewe unawafahamu wazungu wa visiwa hivi."

Nahinu angeweza kusema ndiyo. Ilikuwa zawadi ndogo, na mtu huyu alikuwa amempa kubwa. "Waliniambia mimi hivyo hivyo," alisema.

Tamuera alitikisa kichwa polepole. Walishuka pamoja hadi ufukweni, na njiani Nahinu alimweleza kila kitu kwa haraka, maneno yakigongana: pipa la tatu linavuja, liinamishe, mayai ya upande wa kusini ni matamu zaidi, ndani ya pengo la mwamba usitoke kabla ya wimbi la pili kupita, hata ukiamriwa, ukiona unasema bila sauti, imba. Alikivua kichwani kile kikofia cha majani cha Kekipi, kilichobaki ukingo tu, akampa.

"Na ukifa," alisema, akakwama.

"Najua," Tamuera alisema. "Nenda. Maji yanapwa."

Mabaharia walimvuta Nahinu ndani ya mashua. Mmoja alinyoosha mkono kumpokea mkeka auweke chini na mizigo mingine. Akakataa, akaukumbatia magotini. Penhale aliamuru makasia yashikwe. Walipofika penye pengo Nahinu alijikuta ametamka neno lile ambalo kaka yake alikuwa akilitamka, na mabaharia, bila kujua lugha, wakavuta kwa wakati wake hasa.

Alipogeuka, Tamuera alikuwa hajaondoka ufukweni. Aliinua mkono mmoja, akauacha juu kidogo, akaushusha. Kisha akapanda pale palipoinuka, akaokota jiwe, akalitazama kama asiyejua lianzie upande upi, akaliweka chini, akaenda kutafuta jingine.